Jukwaa na Neno katika Mchezo wa Kinjeketile: Mazingatio kutoka Kyela

I

Mtu asomaye mchezo wa kuigiza faraghani, taa ikiwaka na mlango umefungwa, hudhani ya kuwa amekwisha kuujua. Kwa hakika ameyajua maneno yake tu. Mchezo haukuandikwa usomwe kama barua. Uliandikwa ili watu wasimame mbele ya watu wengine, wengine wanene na wengine wanyamaze, mmoja aingie na mwingine atoke. Katika kuingia huko na kutoka huko, katika kunena na kunyamaza, ndimo maana ya mchezo hutengenezwa. Akiondoa mtu kitu kimoja katika hivyo, hata kama maneno mengine yote yamebaki, huenda akawa ameutengeneza mchezo mwingine.

Hayo ndiyo nitakayo kuyaonyesha katika makala haya, kwa kuutazama mchezo wa Bwana Ebrahim Hussein uitwao Kinjeketile, uliochapishwa kwa Kiswahili mwaka 1969 na kutolewa kwa Kiingereza mwaka 1970 kwa tafsiri ya mtungaji mwenyewe. Mimi si mwanamchezo. Kazi yangu ni isimu ya lugha, na shahada yangu ya juu niliipata ng'ambo kwa kuchunguza viambishi vya vitenzi, si majukwaa. Lakini mtu aliyezoea kuuliza kiambishi kidogo kinafanya kazi gani katika neno, si ajabu akiuliza pia pazia, giza au kimya kinafanya kazi gani katika mchezo.

Jambo lililonifanya nishike kalamu lilitokea Kyela, nilipokuwa likizoni kwetu. Wanafunzi wa shule moja walikuwa wakiucheza Kinjeketile jioni, nje, mbele ya jengo la madarasa, na migomba ikiwa pazia lao. Wazazi na wazee walikuja wengi, baadhi yao wakiwa wametoka moja kwa moja katika mashamba ya mpunga. Jua lilikuwa linakaribia kuzama, na mwalimu aliyekuwa akiusimamia mchezo, akiogopa giza, aliamua kuifupisha sehemu ya mwisho. Watazamaji waliona vita vimeshindwa, wakamwona Kinjeketile amefungwa, na mchezo ukaisha hapo. Yale mazungumzo ya kifungoni, ambamo Mjerumani anamtaka Kinjeketile atangaze ya kuwa maji yalikuwa uongo, naye akakataa, yaliachwa.

Nilimwuliza mzee mmoja aliyeketi karibu nami ameonaje. Akajibu bila kusita, "Mwanangu, yule mtu aliwadanganya wenzake, wakafa, naye akafungwa. Ni haki yake."

Juma lililofuata mchezo ulichezwa tena, safari hii mapema zaidi na kwa ukamilifu wake. Mzee yule alikuja tena. Ulipokwisha, nilimwuliza swali lile lile. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Sasa sijui. Angekubali kusema ni uongo, angewaokoa wangapi? Na angekubali, angewaua wangapi?"

Mzee alikuwa yule yule, na wachezaji walikuwa wale wale. Tofauti ilikuwa kurasa chache za mwisho. Basi ni nani atakayeniambia ya kuwa ufundi wa jukwaa ni pambo tu, na maana ni kitu kingine?

II

Katika shule zetu mchezo hufundishwa kwa vikapu viwili. Kikapu cha kwanza huitwa maudhui, na ndani yake mwanafunzi hutia maneno kama umoja, ukombozi, ushujaa na imani. Kikapu cha pili huitwa fani, na ndani yake hutia wahusika, lugha, mandhari na muundo. Katika mtihani huvimwaga vyote viwili juu ya karatasi, kimoja baada ya kingine, na kati yao hapana kamba. Simlaumu mwanafunzi, maana ndivyo alivyoelekezwa. Bali nasema ya kuwa katika mchezo mzuri vikapu hivyo havipo. Lililopo ni swali moja tu: jambo hili limeonyeshwa namna gani, na kwa kuonyeshwa namna hiyo, limekuwa jambo gani?

Na tuanze na wakati. Historia inatuambia ya kuwa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti, 1905. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeanza Umatumbi siku chache tu kabla ya hapo, mwishoni mwa Julai, watu walipong'oa pamba huko Nandete. Na viliendelea katika sehemu mbalimbali za kusini hata mwaka 1907. Kwa hiyo mtu wa historia hakuviona vita vyenyewe. Alikufa kabla neno lake halijawafikia Wangoni, Wabena na Wapangwa, na kabla ya kujua litawafanyia nini.

Bwana Ebrahim Hussein alizijua habari hizo. Mwaka mmoja kabla ya kitabu chake kutoka, yaani mwaka 1968, G. C. K. Gwassa na John Iliffe walikuwa wamechapisha kumbukumbu za vita hivyo, zikiwamo simulizi za wazee. Hata hivyo mtungaji alimwacha Kinjeketile wake aishi mpaka vita vishindwe, na katika utangulizi ametahadharisha ya kuwa mtu wa mchezo si yule wa historia. Wapo watakaoliita jambo hili kosa. Mimi naliita ufundi, tena ufundi ambao mchezo mzima unautegemea. Mtu aliyenyongwa mwanzoni mwa vita ni shahidi, na shahidi haulizwi swali. Mtu aliyeishi akaona maiti za waliomwamini, huyo ana la kujibu. Mtungaji alirefusha maisha ya mtu mmoja kwa muda kidogo, na kwa muda huo akapata kuuliza: mwenye kunena neno ana daraka gani juu ya yale yatendwayo na neno lake baada ya kumtoka kinywani?

Kama angaliifuata tarehe ya historia, swali hilo lisingaliulizika. Basi hapo tayari twaona jinsi mpango wa wakati ulivyozaa maana.

III

Pili, tutazame mlango ambao kwao mtungaji anatuingiza. Mtu aujuaye mchezo kwa sifa zake hutazamia kuona kwanza mikuki. Lakini mbele ya macho yake anawaona wanawake wawili, Bibi Kitunda na Bibi Kinjeketile, wakizungumza habari za njaa, na za kazi ya shuruti katika shamba la pamba la Mjerumani. Wanaume hawaonekani, kwa sababu nguvu zao zimechukuliwa na shamba lile. Hapana anayesimama kutoa hotuba juu ya ukoloni. Chakula hakipo, na mazungumzo ya wanawake hao yanatuonyesha ni kwa nini hakipo.

Watazamaji wa Kyela walilielewa jambo hilo upesi kuliko mimi. Kwetu chombo cha kupikia si kitu cha kusahaulika. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe hufinyanga vyungu na kuvivusha kwa mitumbwi mpaka gulio la Lyulilo, karibu na Matema, na kutoka hapo huenda mbali sana bara. Wanafunzi waliweka chungu kimoja cha Kikisi katikati ya uwanja, kikiwa kitupu, nacho kilibaki hapo muda wote wa mazungumzo yale. Nalisikia watu wakinong'onezana juu ya chungu kile kabla hawajaanza kunong'onezana juu ya mchezaji yeyote. Chungu hicho kilikuwa wazo la wanafunzi wenyewe, lakini lilitokana na jinsi mchezo ulivyopangwa. Mtungaji aliyefungua mchezo wake kwa njaa ameruhusu chungu kitupu kiseme.

Jambo jingine ni la Kinjeketile mwenyewe. Mchezo umepewa jina lake, lakini hatumwoni upesi. Twamsikia. Amejifungia, haonekani, na watu wana wasiwasi juu yake. Kwa hiyo tunapata sifa zake kabla ya sura yake, kama wanavyozipata watu wa vijiji vya mbali ambao baadaye watakuja kuyafuata maji yake. Ucheleweshaji huu si wa kututamanisha tu. Unatufundisha, tangu mwanzo, tabia ile ile itakayokuja kuleta maafa, yaani tabia ya kumjua mtu kwa habari zake. Mtazamaji anaingia katika imani ya umati kabla hajatambua ya kuwa ameingia.

IV

Sasa twafika mahali pa maji. Kinjeketile anavutwa na nguvu isiyoonekana, anaingia mtoni, anapotea. Watu wanadhani amekufa. Kisha anatoka hai, na nguo zake ni kavu.

Mto wa Rufiji hauwezi kuletwa jukwaani, na hata kama ungewezekana, nadhani mtungaji asingeuleta. Kilichomo ndani ya maji hatukioni. Wachezaji wanatazama upande mmoja, nasi twawatazama wao. Mto twauona katika nyuso zao. Wayunani wa kale nao walikuwa na desturi ya kuyaweka matendo makubwa nje ya macho ya watazamaji, na kumleta mjumbe ayasimulie. Lakini mjumbe wa Kiyunani huwa ameona, na twamsadiki. Katika Kinjeketile hapana mjumbe aliyeingia majini akaona. Aliyeona ni Kinjeketile peke yake, naye, kama tutakavyoona, hawezi kuyaeleza aliyoyaona kwa akili yake ya kila siku.

Pale Kyela, kijana aliyemcheza Kinjeketile aliingia katika migomba, akapotea. Hapakuwa na ngoma wala muziki. Umati wa wachezaji ulisimama ukitazama migomba, nasi wote tukaitazama. Kimya kilirefuka. Watoto waliokuwa wakichekacheka walinyamaza. Alipotoka, kina mama waliketi wakiwa wameshika vinywa vyao.

Yafaa niseme kwa nini kimya kile kilikuwa kizito hasa mahali pale. Kaskazini ya Ziwa Nyasa, pale milima ya Livingstone inaposhuka karibu wima mpaka majini, kuna pango ambalo tangu kale liliheshimiwa kuwa mahali pa Kyala. Dr. Monica Wilson, ambaye pamoja na mumewe Godfrey alichunguza desturi za Wanyakyusa katika miaka ya 1930, ameandika habari za mahali hapo katika kitabu chake cha mwaka 1959 juu ya ibada za jamii. Watu wa pwani ile ya ziwa wanajua toka kwa wazee wao ya kuwa yako mambo yatendekayo mahali ambapo macho ya wengi hayafiki, na ya kuwa aendaye huko huenda kwa niaba ya wengi, na wengi hungoja. Kungoja huko ni sehemu ya ibada. Mtungaji, aliyezaliwa Lindi, mbali na ziwa letu, amelitia jambo hilo katika mchezo wake kwa njia ya jukwaa: ametufanya sisi watazamaji kuwa wangojaji.

Na matokeo yake ni haya. Hapo baadaye Kinjeketile anapoanza kuyatilia shaka maji, na Kitunda anapotaka kujua ukweli, sisi hatuna haki ya kujiweka mahali pa hakimu. Hatukuona. Kama mtungaji angetuonyesha ndani ya maji pana Hongo, mzimu mkubwa, akimkabidhi dawa, mchezo ungekuwa hadithi ya miujiza, na kushindwa kwa watu kungekuwa fumbo lisiloeleweka. Kama angetuonyesha Kinjeketile amejificha nyuma ya jabali akingoja kesho, mchezo ungekuwa habari ya mlaghai, na mzee wetu wa Kyela angekuwa amesema kweli mara ya kwanza. Kwa kutotuonyesha lolote, ametuweka katika hali ile ile ya watu wa mwaka 1905, ambao iliwabidi waamue bila kuona.

V

Kuhusu lugha, niruhusiwe kusimama kidogo katika uwanja wangu.

Kinjeketile anapotoka majini hasemi kwa sauti yake. Amepandwa, na kinachosema kinasema kupitia kinywa chake. Katika maneno yale mna ahadi ya kuwafukuza Wajerumani, mna wito wa umoja, na mna jambo moja linalopita upesi katikati ya furaha ya umati: ya kuwa baada ya ushindi watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Jambo hili si la kubuni. Limo katika simulizi za wazee waliohojiwa juu ya vita hivyo. Seyyid Said, Sultani wa Unguja na Oman, alifariki mwaka 1856, karibu nusu karne kabla ya vita vya Maji Maji, na Unguja yenyewe ilikuwa chini ya Waingereza tangu mwaka 1890. Kwa hiyo uhuru ulioahidiwa ulikuwa chini ya bwana aliyekwisha kufa, katika dola iliyokwisha kutawaliwa.

Tazama jinsi mtungaji anavyolitumia. Umati haukulisikia. Mtazamaji pia, mara nyingi, halisikii. Limezikwa katikati ya vigelegele. Kinjeketile mwenyewe halijui, kwa sababu hakuwa yeye aliyesema. Baadaye tu, akili yake ilipomrudia, ndipo anapoambiwa maneno aliyoyanena, na anapolifikia hilo anashtuka. Ni uhuru gani huu wa kutoka kwa bwana mmoja kwenda kwa bwana mwingine? Basi yeye aliyekuwa msemaji anageuka kuwa msikilizaji wa maneno yake mwenyewe, tena msikilizaji wa mwisho. Wenzake wamekwisha kuyaamini, wamekwisha kuyapeleka mbali, naye sasa ndiye peke yake mwenye shaka.

Katika isimu twasema ya kuwa neno likishatamkwa ni mali ya wasemaji wote. Mtu hawezi kulirudisha. Wanyakyusa wana ushahidi wa jambo hilo katika lugha yao wenyewe. Kwa maelezo ya Dr. Wilson, Kyala hapo zamani alikuwa jina la shujaa mmojawapo kati ya mashujaa walioheshimiwa, mwenye mahali pake kandokando ya ziwa. Wamisionari wa Berlin na wa Moravian walipofika mwaka 1891 walihitaji neno la kumtaja Mwenyezi Mungu, wakalishika hilo. Leo Mnyakyusa akisema Kyala, mdogo kwa mkubwa, hamaanishi shujaa wa pango. Neno limekua kupita mahali lilipozaliwa, wala hapana mtu awezaye kulirudisha pangoni. Nilipokuwa nikiutazama mchezo ule mbele ya watu wa Kyela, nilifikiri ya kuwa neno maji katika kinywa cha Kinjeketile limepata ajali ya namna hiyo hiyo. Lilianza kuwa kitu cha kunyunyiza mwilini. Likawa jina la umoja. Hata maji yalipoonekana hayazuii risasi, umoja ulioitwa kwa jina lake haukuwa umekwisha kuwa uongo.

Pia yafaa kuangalia jinsi watu wa mchezo wanavyotajwa. Baadhi yao hawana jina ila la kabila, kama Mkichi na Mngindo. Mwanzoni wanabishana na kutiliana shaka, kila mmoja akisimama katika jina lake. Lakini wote wanabishana kwa Kiswahili kimoja, fasaha, kilichopangwa katika mistari mifupimifupi inayokaribia ushairi. Katika mwaka 1905 kila mmoja angekuwa na lugha yake. Mtungaji amewapa lugha moja kabla hawajapatana, kwa hiyo masikio yetu yanausikia umoja wakati ambapo macho yetu bado yanauona ugomvi. Hilo ni jambo ambalo jukwaa laweza kulitenda kwa wepesi kuliko hadithi.

VI

Sasa turudi kwenye kurasa zile za mwisho zilizoachwa siku ya kwanza.

Vita vimeshindwa. Kinjeketile na Kitunda wamo kifungoni. Mtungaji amepunguza kila kitu: umati umetoweka, mto umetoweka, na sauti ya mzimu haipo tena. Wamebaki marafiki wawili, na nje yao wale waliowafunga. Mjerumani anataka neno moja tu, ya kuwa maji yalikuwa uongo. Kitunda, mtu wa akili na wa huruma, anaona heri liseme, kwa kuwa ni kweli na kwa kuwa watu wanaendelea kufa kwa ajili yake. Kinjeketile anakataa. Hoja yake ni kwamba adui hataishia kusema maji yalikuwa uongo. Atasema ya kuwa sababu ya kupigana nayo ilikuwa uongo, na ndivyo watakavyofundishwa watoto na wajukuu.

Ona jinsi ufundi unavyolikaza swali hili. Kwanza, anayemshauri akubali si adui bali ni rafiki, yule aliyewafundisha vijana vita na kuwaona wakianguka. Kama ushauri huo ungetoka kwa Mjerumani pekee, ingekuwa rahisi kwetu kuukataa. Pili, watu wenyewe hawapo. Wanaopiganiwa na kusemewa hawana nafasi ya kusema wanataka nini. Tatu, sisi watazamaji tunaijua kweli ambayo umati hautaijua: tumeona shaka ya Kinjeketile. Basi kimya chake hakiwezi kuonekana kwetu kama imani ya kipofu. Anajua, na ananyamaza. Je, huo ni ushujaa au ni uongo wa pili? Mtungaji hakujibu. Aliwapanga watu wawili katika chumba kimoja, akampa kila mmoja hoja nzuri, akaufunga mchezo.

Kwa watu wa Kyela, kuna jambo jingine katika mwisho huo, ambalo pengine mtazamaji wa Dar es Salaam halimgusi sana. Godfrey Wilson alieleza katika mwaka 1939 jinsi mazishi ya Wanyakyusa yalivyokuwa: wanawake wakilia kuzunguka maiti, wanaume wakicheza ngoma ya vita kwa mikuki, hofu na ukali mahali pamoja na wakati mmoja. Watu waliolelewa katika desturi hiyo wanajua ya kuwa kifo kikubwa hakina budi kuchezwa mpaka kikamilike. Kinjeketile anatunyima hilo. Wamekufa wengi, lakini hatuonyeshwi kaburi, wala kilio kinachomalizika. Siku ile ya pili watu hawakuondoka upesi. Walibaki wameketi, na baadaye wakaanza kubishana wao kwa wao, wengine upande wa Kitunda na wengine upande wa Kinjeketile. Mabishano yale ndiyo yaliyokuwa mazishi. Nchi yao haikuingia katika vita vya Maji Maji, ijapokuwa Wapangwa, jirani zao wa ng'ambo ya milima, waliingia. Lakini jioni ile vita vilikuwa vyao.

VII

Nisije nikadhaniwa kuwa nausifu mchezo huu bila kuona upungufu wake. Wanawake walioufungua hawapewi nafasi ya kuufunga. Njaa iliyokuwa mwanzo katika vinywa vyao inageuka kuwa hoja ya wanaume, na sauti ya nyumbani inafifia kadiri vita vinavyokaribia. Kama mmoja wa wanawake wale wawili angesimama karibu na mlango wa kifungo, swali la Kitunda na Kinjeketile lingepata upande wa tatu, na pengine ulio mzito kuliko yote. Tena, mchezo unaiweka habari ya makabila mengi katika dhamiri ya mtu mmoja. Faida yake tumeiona. Hasara yake ni kwamba umati huonekana mwepesi wa kugeuzwa, kana kwamba wakulima wa kusini hawakuwa na mashauri yao wenyewe. Tujuavyo, kabla ya kung'oa pamba walikuwa wamefikiri mengi.

Lakini hata upungufu huo ni wa jukwaa kwanza, kabla haujawa wa mawazo. Umetokana na nani amepewa nafasi ya kusimama mbele yetu, na nani ametolewa nje. Ndiyo kusema kwamba hata lawama yetu, ikiwa ni ya haki, haina budi kupitia njia ile ile.

Kwa walimu wa Kiswahili nina ombi dogo. Kabla ya kumtaka mwanafunzi aorodheshe mafundisho ya mchezo, mwulizeni maswali matatu. Ni jambo gani kubwa ambalo mtungaji amekataa kutuonyesha, na kwa nini? Nani anajua nini, na ni wakati gani sisi tunajua zaidi ya walioko jukwaani? Na ukiiondoa sehemu moja, mchezo utasema nini badala ya lile ulilosema? Swali la tatu lafaa kujaribiwa kwa vitendo, uwanjani, mbele ya watu. Sisemi kwa kubahatisha. Nimeona kwa macho yangu mchezo mmoja ukimhukumu mtu, na juma moja baadaye mchezo ule ule ukiwahukumu watazamaji wake. Mwalimu yule wa Kyela, aliyekuwa akiogopa giza, aliniambia baadaye kwamba tangu siku hiyo huanza saa tisa alasiri.